Kaburi la Tajiri na Mlango Aliouacha Wazi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, watu wake hawaishii kuhesabu wachungaji waliouhudumia na majengo yaliyoezekwa. Wazee huwaongoza vijana hadi makaburini. Huko ndiko historia ilikoandikwa kwa mkono wa kila familia: kaburi la zamani ni tuta lililozungushiwa mawe, la baadaye lina msalaba wa saruji ulioandikwa kwa ncha ya msumari kabla saruji haijakauka, na la miaka ya karibuni limevishwa vigae, pengine limejengewa kipaa cha bati, na picha ya marehemu imewekwa nyuma ya kioo. Anayeyatazama kwa mfuatano huo ataona imani ya watu, na ataona pia jinsi fedha ilivyoingia katika nchi.

Katika ukanda huu, kuanzia Tunduma mpakani hadi Mbangala na bonde la Rukwa, fedha hiyo mara nyingi ililetwa na mfanyabiashara. Hakuna asiyemfahamu mtu wa namna hiyo, ingawa jina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Alianza na gunia moja la mpunga au mzigo wa chumvi, akalala njiani, akadhulumiwa, akaanza upya, na mwisho akawa na duka, mashine ya kukoboa na lori. Kanisa lilipohitaji bati, ndiye aliyeendewa kwanza. Alipokufa, watoto wake walitaka kaburi lake lipite yote mengine, na baadhi ya majirani wakanung'unika kwamba fedha ile ingetosha darasa.

Manung'uniko hayo yanastahili kusikilizwa bila kuwadharau wenye msiba. Maandiko yenyewe yana pande zote mbili. Absalomu, mwana wa Daudi, alijisimamishia nguzo angali hai kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulikumbusha jina lake. Kisha alizikwa mbali na nguzo hiyo, katika shimo la msituni, chini ya chungu ya mawe. Yusufu wa Arimathaya, ambaye Injili ya Mathayo inamtaja waziwazi kuwa mtu tajiri, alikuwa amechonga kaburi jipya mwambani kwa ajili yake mwenyewe, akampa mwingine. Luther naye, alipoandika mwaka 1527 kuhusu tauni, aligusia makaburi: aliyataka yawe nje ya mji, mahali pa heshima na utulivu, akasikitika kwamba uwanja wa makaburi wa Wittenberg ulikuwa umegeuka njia ya kila mpitaji. Hakuna hapo anayesema kaburi lisiheshimiwe. Kinachoulizwa ni kitu gani kingine kinasimama karibu na jiwe hilo.

Walutheri wanao mfano wa swali hili ndani ya nyumba yao. Katika mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, kuna kanisa la Mtakatifu Anna. Lilikuwa la watawa Wakarmeli, na Luther alikaribishwa katika nyumba yao ya utawa mwaka 1518 alipoitwa kuhojiwa na Kardinali Cajetan. Baadaye likawa kanisa la Kiinjili, nalo ni hivyo hadi sasa. Upande wake wa magharibi pana kikanisa cha marumaru ambacho kila mwanafunzi wa sanaa za Ulaya hufundishwa habari zake, kwa kuwa ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za mtindo wa Renesansi katika Ujerumani. Ni makaburi ya ukoo wa Fugger. Ndugu Ulrich na Jakob walianza kukigharimia mwaka 1509, na ukutani zimewekwa nakshi za mawe zilizofuata michoro ya Albrecht Dürer.

Ukoo huo haukuanza na marumaru. Babu yao, Hans Fugger, alikuwa mfuma nguo aliyehamia Augsburg kutoka kijijini mwaka 1367. Wajukuu walipanda kutoka nguo hadi viungo, kutoka viungo hadi shaba na fedha ya migodini, na kutoka huko hadi kuwakopesha wafalme. Jakob, aliyezaliwa mwaka 1459, ndiye aliyeitwa Tajiri, na jina hilo halikuwa la utani.

Ni katika vitabu vya ukoo huo ambamo habari ya Matengenezo ya Kanisa inaingia kwa mlango wa nyuma. Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikopa kwa Fugger ili alipe Roma gharama za cheo chake. Akaruhusiwa kuuza hati za msamaha katika maeneo yake, na nusu ya mapato ikapangwa kulipa deni. Mawakala wa Fugger waliandamana na wahubiri wa hati hizo, Tetzel akiwa mmoja wao, wakihesabu sarafu. Hoja 95 za mwaka 1517 zilizaliwa katika biashara hiyo. Mwaka 1520, alipowaandikia wakuu wa taifa la Kijerumani, Luther alimtaja Fugger kwa jina na kutaka kampuni za namna hiyo zitiwe lijamu mdomoni kama farasi.

Jakob Fugger alifariki mwishoni mwa mwaka 1525, akazikwa katika kikanisa chake, naye akiwa Mkatoliki hadi mwisho. Hivyo mtu ambaye mkopo wake ulichochea hasira ya Luther analala chini ya paa ambalo Walutheri wanaabudu. Hawakumtoa. Kaburi limetunzwa karne tano, na wakfu wa ukoo ungali ukiligharimia. Jambo hilo peke yake linatosha kuwafanya washarika wa mahali popote wawe wapole wanapojadili ni nani anastahili kulala wapi.

Lakini mgeni anayefika Augsburg haonyeshwi kikanisa kwanza. Anapelekwa Fuggerei. Huo ni mtaa mdogo wenye ukuta na milango yake, uliojengwa na Jakob kwa ajili ya watu wa mji waliofanya kazi kwa bidii na bado wakawa maskini. Hati yake ya msingi ni ya mwaka 1521. Kodi iliwekwa kuwa guldeni moja kwa mwaka, na haijapandishwa. Kwa fedha ya leo ni senti 88 za Yuro. Sharti jingine ni mpangaji kumwombea mwanzilishi na jamaa yake mara tatu kila siku. Fundi mwashi Franz Mozart, baba wa babu yake Wolfgang Amadeus Mozart, aliishi humo. Mabomu ya mwaka 1944 yaliubomoa mtaa kwa sehemu kubwa, ukajengwa tena, na watu wapatao 150 wanaishi humo. Gharama nyingi hutoka kwenye misitu ya wakfu, maana warithi waligundua mapema kwamba miti haifilisiki haraka kama benki.

Hata hivyo mlango wa Fuggerei una kimo chake: hufunguliwa kwa Wakatoliki. Hilo ni haki ya mtoaji, wala halipunguzi kazi iliyofanyika. Linafaa tu kukumbukwa wakati msomaji anaporudi Afrika Mashariki, kwenye pwani ya Bagamoyo, mnamo miaka ya 1890.

Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa kinywa cha bara. Misafara ilishuka kutoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu, ikapanda na vitambaa, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa mwendo wa miezi. Nyanda za kusini-magharibi zilikuwa pembeni mwa njia hiyo. Wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky na Wamoraviani chini ya Theodor Meyer, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, walikuja kwa mito ya Zambezi na Shire na kwa ziwa, na bidhaa nyingi za eneo hilo zilipitia mikononi mwa African Lakes Company, ambayo wenyeji waliiita Mandala. Lakini serikali ilikuwa moja na sheria zake zilitoka pwani, na yaliyoamuliwa pwani kuhusu shule na hospitali yalifika kila mahali baadaye.

Mtu mkubwa wa misafara ya Bagamoyo alikuwa Sewa Haji Paroo, Mhindi wa jamaa ya Khoja Ismailia. Alikuwa na duka la baba, kwa hiyo si haki kumwita mtu aliyeanza bila kitu. Alichokifanya ni kuligeuza duka hilo kuwa ghala la bara zima. Aliyetaka kwenda bara, awe mpelelezi, mfanyabiashara, mmisionari au afisa, alimwendea Sewa Haji kwa ajili ya wapagazi, bidhaa na mkopo. Dini ya mteja haikuwa hoja kwake, na mapadre wa Roho Mtakatifu wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa marafiki zake.

Aliwatolea watu wa mji wake nyumba ya ghorofa ili iwe shule, akaikabidhi kwa serikali ya Wajerumani kwa sharti moja: watoto wa kila rangi wapokelewe. Akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya wasio Wazungu, na mali zake za nyumba na viwanja akazielekeza kwa wagonjwa maskini na wenye ukoma. Alifariki mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi.

Ni vigumu kueleza leo jinsi sharti lile la shule lilivyokuwa geni. Serikali iliyopokea jengo ilikuwa ikipanga watu kwa rangi hata katika kitanda cha ugonjwa. Mwaka huohuo aliofariki Sewa Haji, hospitali ya Wazungu ya Ocean Road ilifunguliwa kando ya bahari, penye upepo, na hospitali yenye jina lake ikawa ya Waafrika na Waasia. Mtoaji alifungua mlango, na mpokeaji akaamua nani aingie upande upi. Kila kamati ya ujenzi iliyowahi kupokea mchango inajua hatari hiyo: anayetoa hufa, na anayetunza funguo hubaki.

Katika duka la Sewa Haji alifanya kazi mtu wa rika lake ambaye hakuwa na duka la baba. Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, magharibi mwa India. Alivuka bahari akiwa na miaka 12, akafika Zanzibar na kisha Bagamoyo, akawa msaidizi. Mtoto wa umri huo hapa kwetu hupewa mbuzi wa kuchunga. Huyu alipewa vitabu vya hesabu na sauti za wapagazi alfajiri. Alijifunza bei ya kitambaa kila kituo, lugha ya kila soko, na ni nani wa kukopeshwa. Baadaye akaanza misafara yake mwenyewe, akafungua matawi Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Kipaji chake kikubwa kilikuwa kutambua mapema kwamba msafara unakufa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wafanyabiashara wengine waliitazama kama mshindani. Yeye aliifuata. Kila kambi ya wajenzi ilipohama, duka lake lilihama nayo. Aliwauzia vibarua chakula, na reli ilipokosa fedha taslimu za mishahara yeye ndiye aliyezipata. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, alikuwa tayari ametangulia Uganda. Huko alifanya kazi ya benki kabla benki hazijafika, akanunua pamba kwa wakulima, akaanzisha viwanda vya kuchambua pamba, kukamua mafuta, kupasua mbao na kutengeneza sabuni. Watu wakamwita mfalme asiye na taji wa Uganda. Vijana wengi kutoka Kutch na Gujarat walifika kwake kama yeye alivyofika kwa Sewa Haji, wakafanya kazi, wakakopeshwa bidhaa, wakaenda kufungua duka mahali ambapo hapakuwa na duka. Alichangia shule, hospitali na nyumba za ibada zisizokuwa za dini yake, likiwemo kanisa kuu la Namirembe.

Mwaka 1916, akiwa katika ziara ya biashara nchini Kongo, alishikwa na homa akafa. Alikuwa na miaka 65, na bado alikuwa akizunguka kukagua matawi yake.

Hapo ndipo familia ilipokabiliwa na swali la kila familia. Mwanawe, Abdulrasul, alikuwa na uwezo wa kujenga kaburi la kupita yote Mombasa. Alijenga shule. Allidina Visram High School ilifunguliwa Mombasa mwaka 1923, jengo la kifahari lenye jina la baba juu ya mlango. Kwa desturi za wakati ule, ilikuwa shule ya watoto wa Kihindi. Sharti la Sewa Haji halikufuata njia ya reli. Baada ya uhuru wa Kenya milango yake iliwafungukia watoto wote.

Kilichofuata kinapaswa kusomwa taratibu. Abdulrasul naye hakuishi muda mrefu baada ya baba yake, na katika miaka ya 1920 nyumba ile ya biashara iliporomoka. Maduka yaliyotapakaa kutoka pwani hadi Kongo yakafungwa au kuchukuliwa na wengine, wengi wao wakiwa makarani wa zamani wa mzee. Utajiri uliojengwa kwa miaka 50 haukumaliza miaka 10 bila mwenyewe. Shule haikuwa katika orodha ya mali za kampuni, kwa hiyo wadai hawakuigusa. Kama Abdulrasul angesubiri biashara itulie kwanza, kama walivyo wengi wanaosema watachangia baada ya mavuno, pasingejengwa chochote. Mwaka 1937 sanamu ya Allidina Visram ilizinduliwa katika bustani ya Treasury Square, Mombasa, wakati kampuni yenyewe ilikuwa imebaki habari ya wazee.

Kwa wanaotaka kuona kaburi halisi la familia ya tajiri mfadhili katika Afrika Mashariki, lipo moja mashuhuri mlimani Ol Donyo Sabuk, mashariki ya Nairobi. Huko amelala Sir William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis aliyefariki mwaka 1925. Huyu hakujitafutia, alirithi. Alitaka azikwe kileleni, na inasimuliwa kwamba trekta lililolivuta jeneza lilishindwa na mwinuko, akazikwa njiani, mahali penye mandhari ya nyika yote iliyo chini. Mkewe, Lady Lucie, aliyefariki mwaka 1957, yuko kando yake. Yupo pia mtumishi wao wa miaka mingi, Louise Decker, Mmarekani mweusi, na hata mbwa wao ana kaburi lake hapo. Wageni hupanda, hutazama, hupiga picha.

Lady Lucie alimjengea mumewe kumbukumbu ya pili katikati ya Nairobi: maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo za mawe na simba wawili mlangoni. Lakini kwa zaidi ya robo karne ilikuwa maktaba ya Wazungu. Mwafrika aliyejenga ukuta wake hakuruhusiwa kusoma ndani yake, hadi enzi ya ukoloni ilipokaribia kwisha. Inashangaza kidogo kwamba kule mlimani, mtumishi mweusi alistahili kulala kando ya bwana wake, na kule mjini mtu mweusi hakustahili kuketi kando ya msomaji mweupe. Huenda mauti yalionekana kuwa na upana kuliko rafu za vitabu.

Haifai kuwasifu watu hawa bila kutaja fedha zao zilikotoka. Ya Fugger ilipita katika hati za msamaha na jasho la wachimba migodi. Ya Bagamoyo ilipita katika mauaji ya tembo, katika bunduki zilizouzwa bara na kuleta vilio, na juu ya mabega ya wapagazi. Hakuna anayejua idadi ya wapagazi waliozikwa kando ya njia kati ya pwani na maziwa, au walioachwa bila kuzikwa, kwa ndui na kuhara na njaa. Hawana msalaba wala kigae. Hospitali ya Sewa Haji ilijengwa kwa mizigo yao, na wengine wao walikufa kabla ya kupata kitanda ndani yake. Kusema hivyo si kumnyima Sewa Haji heshima. Ni kuwaongezea wengine majina katika orodha ya wachangiaji, hata kama majina hayo hayakuandikwa.

Jambo hili liko karibu na washarika wa kanda hii. Dhahabu ya Lupa, iliyovuta maelfu ya watu Chunya katika miaka ya 1920 na 1930, ilileta maduka, na maduka yakaleta sadaka kubwa kuliko zilizojulikana kabla. Nyuma ya sadaka hizo walikuwapo wachimbaji waliofukiwa na mashimo. Msemo wa wahenga kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, hutumiwa sana siku za harambee, na mara nyingi hutumiwa kumfariji maskini. Una upande wa pili usiosemwa kwa sauti: tajiri naye hapimwi kwa ukubwa wa bahasha tu. Hupimwa kwa sharti aliloandika ndani yake, na kwa watu aliowafikiria alipokuwa akiandika.

Kwa kipimo hicho mfanyabiashara wa Bagamoyo, asiyekuwa Mkristo, alimzidi tajiri wa Augsburg. Fugger aliwajengea maskini wa imani yake katika mji wake, akaomba malipo ya sala. Sewa Haji aliwajengea watoto wa kila rangi, na wagonjwa ambao asingewaona msikitini mwake, na hakuna sala aliyodai. Kwa upande mwingine, Fugger alimzidi kwa jambo ambalo kamati za sharika zingefanya vema kulisoma upya: aliacha hati, wakfu, misitu na wasimamizi, hata kodi ya mwaka 1521 ikalindwa katika vita na kuporomoka kwa sarafu. Sewa Haji aliiachia serikali. Serikali zikabadilika, sharti likasahauliwa, na fedha zikaingia katika mfuko mkubwa usio na jina.

Jina ndilo halikupotea. Mwaka 1956 hospitali mpya ilipofunguliwa Upanga, Dar es Salaam, ikiitwa Princess Margaret, hospitali ya zamani ya Sewa Haji ilifikia mwisho wa kazi yake, na jina likahamishiwa kwenye moja ya majengo ya wodi. Baada ya uhuru jina la binti mfalme liliondolewa, hospitali ikaitwa Muhimbili. La mfanyabiashara halikuondolewa. Kwa miongo mingi wodi ya Sewahaji imekuwa jirani na wodi ya Kibasila, iliyopewa jina la kiongozi wa Vita vya Maji Maji huko Uzaramo: aliyewahudumia Wajerumani kwa misafara na aliyewapinga, ukumbi kwa ukumbi, vitanda kwa vitanda.

Wagonjwa wa rufaa kutoka Mbeya, Chunya na Songwe wamekuwa wakifikishwa huko baada ya safari ya usiku na mchana. Ndugu zao hushuka kwenye daladala wakiwa na hotipoti ya uji na chupa ya chai, humsimamisha mlinzi langoni na kuuliza Sewahaji ni wapi. Mlinzi huonyesha kwa mkono, nao huharakisha kabla saa ya kuwaona wagonjwa haijapita.